Barua ya LC1, kesi ya kijiji na kodi ya gombolola: mwongozo kamili wa kupata huduma za baraza lako Uganda

Ukitaka kumdhamini ndugu mahakamani Arua, kufungua akaunti ya benki Bweyale, au kununua kiwanja Busia, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni barua ya LC1, yaani ya mwenyekiti wa baraza la kijiji (Local Council). Karatasi nyingi za serikali ya Uganda huanzia kijijini. Zile zinazokwama, mara nyingi zimekwama kwa sababu mbili: zimepelekwa ngazi isiyohusika, au ziliandikwa ovyo tangu mwanzo. Mwongozo huu unazifuata ngazi kwa ngazi, pamoja na gharama na mitego iliyoko njiani.

Nani anakaa wapi

LC1 ni kijiji. Mjini watu huita seli au zoni. LC2 ni parishi, ambayo Waganda huita muluka. LC3 ni gombolola, yaani kaunti ndogo, na mjini ni mji mdogo au divisheni. LC4 ni kaunti, LC5 ni wilaya. Majiji yaliyopandishwa Julai 2020, kama Arua, Gulu na Mbarara, yanahesabiwa sawa na wilaya. Kampala iko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji kuu, na divisheni zake tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaweka tofauti moja ambayo wengi hawaijui. Gombolola na wilaya, pamoja na miji, ni serikali kamili: zina mfuko, bajeti, wafanyakazi, na zinaweza kushtaki na kushtakiwa. Kijiji, parishi na kaunti ni vitengo vya utawala tu. Kwa hiyo LC1 anaweza kukutambulisha, kukusuluhisha na jirani, kuitisha mkutano na kuripoti polisi. Hawezi kutoza kodi, hawezi kutoa leseni, wala hawezi kukupa hati ya ardhi. Anayekuambia kwamba leseni ya duka hutolewa na mwenyekiti wa kijiji anataka mfuko wako.

Kila ngazi ya juu ina watu wa aina mbili, waliochaguliwa na walioajiriwa. Kwenye parishi kuna mwenyekiti wa LC2, na kuna chifu wa parishi ambaye ni mtumishi wa serikali. Gombololani kuna mwenyekiti wa LC3 na madiwani upande mmoja, na chifu wa gombolola upande wa pili; mjini nafasi hiyo ni ya karani wa mji. Wilayani kuna mwenyekiti wa LC5, na kuna afisa mtawala mkuu ambaye kila mtu humwita CAO. RDC naye si mtu wa baraza: ni mwakilishi wa rais, anayesimamia usalama na kufuatilia miradi ya serikali kuu. Fomu, risiti, fedha na sahihi za kiofisi zinatoka kwa walioajiriwa. Malalamiko, hoja za kuingizwa kwenye bajeti na sheria ndogo zinapitia kwa waliochaguliwa. Ukikumbuka hilo utaokoa nauli nyingi za boda.

Halmashauri ya LC1 ina watu 10: mwenyekiti, makamu wake, ambaye kisheria ndiye anayeshughulikia mambo ya watoto, katibu mkuu anayetunza daftari, katibu wa habari, elimu na uhamasishaji, katibu wa usalama, yule anayeitwa difensi, wa fedha, wa uzalishaji na mazingira, kisha wenyeviti wa wanawake, wa vijana na wa watu wenye ulemavu. Baraza lenyewe la kijiji si hao kumi. Ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Ukihudhuria mkutano wa kijiji umeingia kwenye baraza lako mwenyewe, na una haki ya kusema humo.

Kwa wakimbizi wanaoishi kwenye makazi kama Nakivale, Kyangwali au Bidibidi, mlango wa kwanza ni RWC1, baraza la ustawi wa wakimbizi, badala ya LC1, kisha RWC2 na RWC3, na juu yao kamanda wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Mkimbizi anayepanga chumba Kampala au Mbarara anaandikishwa kwa LC1 wa mtaa wake kama mpangaji mwingine yeyote, akiwa na kadi yake ya ukimbizi.

Barua ya LC1

Mwenyekiti anapaswa kuandika kile anachokijua. Asipokujua, barua yake ni uongo wenye muhuri. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya siku ya kuihitaji.

1. Unapohamia kijiji kipya, jitambulishe ndani ya siku chache za kwanza. Nenda na kitambulisho cha taifa na barua ya kuhama kutoka kwa LC1 wa ulikotoka. Mpangaji aende pamoja na mwenye nyumba, au achukue namba yake ya simu.

2. Hakikisha jina lako linaingia kwenye daftari la wakazi, liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la ukoo likitangulia. Angalia pia NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Ina herufi na tarakimu 14. Kwa raia huanza na CM kwa mwanaume au CF kwa mwanamke, kisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa. Ukisoma sehemu hiyo tu utagundua makosa mengi ya kunakili.

3. Siku ya kuomba barua, sema wazi inakwenda wapi na kwa ajili ya nini. Barua ya benki, ya dhamana ya mahakama na ya mazishi hazifanani. "Kwa yeyote anayehusika" inakubalika sehemu chache. Karani wa mahakama hupenda kuona jina la mahakama na la mshtakiwa.

4. Beba kitambulisho halisi na nakala yake. Wengi wa wenyeviti hawana ofisi, wanaandikia sebuleni, kwa hiyo nakala ya kubaki kwake uipeleke mwenyewe.

5. Kabla ya kuondoka, soma. Barua iliyokamilika ina tarehe. Majina ya kijiji, parishi, gombolola na wilaya. Majina yako kamili na NIN. Muda uliokaa kijijini. Sababu ya barua. Jina la mwenyekiti, sahihi yake, namba yake ya simu, na muhuri unaosomeka.

Hiyo namba ya simu ndiyo inayoangusha watu wengi. Benki na mahakama hupiga. Simu ikizimwa, au mwenyekiti akijibu kwamba hamkumbuki mtu huyo, barua imekufa hapohapo. Mwambie mapema kwamba atapigiwa, na siku gani. Kwa barua za wadhamini mahakamani, kila mdhamini anahitaji barua yake mwenyewe kutoka kijiji chake mwenyewe. Barua moja yenye majina matatu hukataliwa, na mshtakiwa hurudi rumande mpaka tarehe nyingine.

Makosa mengine ya kawaida: muhuri uliofunika tarehe, jina moja lililofupishwa, mahali palipofutwa na kuandikwa juu, na barua ya zamani. Hata kama hakuna aliyekutajia muda, chukua mpya kwa kila shughuli. Ya miezi kadhaa iliyopita huleta maswali. Kama kituo unachokwenda kinatumia Kiingereza na mwenyekiti haandiki Kiingereza, katibu mkuu anaweza kuandika, mwenyekiti akasaini. Mwenyekiti akisafiri, makamu anasaini kwa cheo chake mwenyewe. Asiige sahihi ya mwenzake, maana huko ni kughushi.

Sasa suala la pesa. Hakuna bei ya barua ya LC1 inayofanana nchi nzima. Kwa miaka mingi posho ya mwenyekiti wa LC1 kutoka serikalini imekuwa shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi, na muhuri, wino na karatasi ananunua mwenyewe. Ndiyo maana anaomba "ya wino". Vijiji vingine vimepitisha kiwango kwenye mkutano mkuu na kukibandika. Hapo lipa na udai risiti au uandikwe kwenye daftari la fedha. Mahali pasipo kiwango, ukiamua kutoa kitu kidogo ni hiari yako. Akikukatalia barua kwa sababu hujatoa, mpeleke kwa LC2, kisha kwa chifu wa gombolola. Kuna pia ile tabia ya kudai asilimia 10 ya bei ya ardhi ili agonge muhuri kwenye mkataba. Hakuna sheria inayompa asilimia hiyo.

Kesi zinazosikilizwa kijijini

Sheria ya Mahakama za LC ya 2006 imezipa mahakama hizi nguvu halisi, yenye mipaka. Mahakama ya kijiji ni ile halmashauri ya LC1. Ya parishi ni halmashauri ya LC2. Ya gombolola, mji mdogo au divisheni ni watu watano walioteuliwa kwa kazi hiyo, angalau wawili wao wanawake.

Madeni, mikataba, kupigana kwa kawaida, kuharibu mali, kutumia mali ya mwenzako bila haki na kuingia eneo la mtu bila ruhusa vinasikilizwa pale thamani isipozidi shilingi 2,000,000. Deni la 2,300,000 halipo mikononi mwa LC1 hata pande zote mbili zikikubali. Hilo ni la hakimu. Mambo ya mila hayana kikomo cha thamani: ardhi ya kimila, ndoa ya mwanamke kwa mila, baba wa mtoto, mrithi wa kimila, na mali iliyokabidhiwa kwa utaratibu wa mila. Hata hivyo, fidia kwenye mambo hayo ya mila ikizidi 500,000, utekelezaji wake hupelekwa kwa hakimu mkuu, naye anaweza kuipunguza akiona imepita kiasi.

Mgogoro wa ardhi una njia yake. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2004 yaliifanya mahakama ya parishi kuwa ya kwanza kusikiliza migogoro hiyo. Ukianzia LC1, upande wa pili unaweza kusubiri mpaka ushinde, kisha akaibomoa hukumu yako kwenye rufaa kwa hoja hiyo moja.

Mauaji, ubakaji, kunajisi watoto, wizi wa kutumia nguvu na kesi nyingine kubwa za jinai hazisuluhishwi kijijini hata familia zikikubaliana juu ya mbuzi wangapi. Kazi ya LC1 hapo ni moja: kuripoti polisi na kulinda ushahidi. Kwa mtoto aliye hatarini kuna simu ya bure 116. Ugomvi wa nyumbani upo katikati: Sheria ya Ukatili Majumbani ya 2010 inamruhusu mtu kuanzia kwa LC, nayo inaweza kuonya, kuamuru fidia, ushauri nasaha au kuomba radhi. Silaha ikitumika, mkosaji akiwa amerudia, au kukiwa na hatari ya kuumizwa tena, lazima LC ipeleke jambo kwa polisi na hakimu.

Kufungua kesi, mweleze mwenyekiti malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi. Ukieleza kwa mdomo, yaandikwe, usomewe, utie sahihi au dole gumba. Andika mambo manne tu: nani, nini, lini, kiasi gani. Kwa deni, onyesha tarehe ya kukopa, tarehe ya kulipa, kilichokwisha kulipwa na kilichobaki, na uambatishe ujumbe wa mobile money ukiwa umechapishwa, maana simu hupotea. Mahakama hutuma wito kwa mshtakiwa. Wito wa kutumana kwa maneno, "mwambie aje Jumapili", ndio chanzo cha hukumu nyingi kubatilishwa. Uandikwe, na aliyeupokea asaini.

Siku yenyewe hesabu watu. Kijijini na parishini mahakama haikamiliki bila wajumbe watano. Mjumbe aliye ndugu wa upande mmoja, au mwenye maslahi kwenye jambo hilo, asimame pembeni. Pinga mwanzoni, kabla ushahidi haujaanza, na uombe upinzani wako uandikwe. Lugha ni ile inayoeleweka mahali hapo. Mawakili hawaruhusiwi kukusemea. Mlalamikaji anatangulia na mashahidi wake, mshtakiwa anafuata, kila upande unauliza maswali, kisha wajumbe wanaamua kwa wingi wa kura.

Mahakama inaweza kuamuru usuluhishi, fidia, kurudisha mali, kuomba radhi, kulipa gharama, au kukamatwa na kuuzwa kwa mali ya mdaiwa. Haiwezi kumfunga mtu, wala kumchapa viboko. Dai nakala ya hukumu yenye tarehe siku hiyohiyo, kwa sababu una siku 14 tu za kukata rufaa: kutoka kijiji kwenda parishi, kutoka parishi kwenda gombolola, na kutoka gombolola kwa hakimu mkuu. Mtu asiye na nakala huzimaliza siku hizo 14 akimtafuta katibu.

Ardhi: pale muhuri wa LC unapokomea

Muhuri wa LC1 kwenye mkataba wa mauzo unathibitisha kwamba wauzaji na wanunuzi walionekana mbele yake. Hauthibitishi kwamba muuzaji ni mwenye ardhi, na watu wengi wamepoteza akiba ya miaka kwa kuchanganya mambo hayo mawili. Uliza kwanza ni ardhi ya aina gani, kwa maana Uganda ina nne: ya kimila, mailo, ya umiliki kamili, na ya kukodishwa kwa muda. Kama ina kyapa, yaani hati ya umiliki, peleka namba zake ofisi ya ardhi ya kanda wafanye upekuzi kabla hujatoa hata arubuni. Kama ni kibanja, yaani shamba la mtu mwenye haki ya kukaa kwenye ardhi ya mailo ya mwingine, muuzaji lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kukinunua. Akiuza kimyakimya anavunja sheria, na wewe unanunua mgogoro. Kama ni ya kimila, zungumza na wazee wa ukoo na majirani wa pande zote nne, mpime mipaka mkiwa pamoja, na kila jirani asaini.

Ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa chakula haiuzwi bila kibali cha maandishi cha mume au mke. Saini ya mwenyekiti haizibi pengo hilo. Wasaini wote wawili, picha zao zibandikwe, na nakala za vitambulisho ziambatishwe. Mwanamke anayeitwa "alikuwepo tu, hakupinga" hajatoa kibali.

Kwa mwenye ardhi ya kimila anayetaka karatasi isiyo ghali kama kyapa, kipo cheti cha umiliki wa kimila. Chukua fomu gombololani, jaza, irudishe kwa kamati ya ardhi ya eneo. Kamati hubandika tangazo kwa muda usiopungua wiki mbili, hukagua shamba, husikiliza wenye pingamizi, kisha hupeleka ripoti kwa bodi ya ardhi ya wilaya. Bodi ikikubali, msajili aliye gombololani ndiye anayetoa cheti. Kinachochelewesha zaidi ni mpaka usio na alama. Kabla ya ukaguzi panda miti ya mpakani, ile majirani wote wanayoitambua kama alama, mkiwa nao. Kisha siku ya kamati uwe na maji ya kunywa na vijana wa kufyeka. Kamati isiyoweza kupita kichakani huahirisha.

Kuzaliwa, kifo, kitambulisho

Haya ni ya NIRA, mamlaka ya utambulisho na usajili wa taifa, na LC ni mlango tu. Mtoto aliyezaliwa hospitali hupewa taarifa ya kuzaliwa palepale. Usiondoke wodini bila hiyo, maana kuirudia baada ya miaka ni kazi ya siku kadhaa. Aliyezaliwa nyumbani, taarifa huanzia kwa LC1 na kupanda hadi parishi na gombolola. Kujiandikisha kwa mara ya kwanza kupata NIN ni bure. Kubadilishiwa kadi iliyopotea hulipiwa, na malipo huenda benki au kwa simu kupitia namba ya malipo, yaani PRN, si mkononi mwa afisa.

Kifo nacho kiripotiwe kwa LC1 mapema, kwa sababu barua yake itahitajika kwa cheti cha kifo, na baadaye kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi familia inapoomba barua ya kutokuwa na pingamizi. Pamoja nayo peleka muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina na sahihi za waliohudhuria. LC haina kazi ya kugawa mali ya marehemu, hata ikiombwa na wazee.

Kodi na leseni za baraza

Kodi ya kichwa iliondolewa, na mwaka wa fedha 2005/06 ulianza bila hiyo. Kilichopo leo kwa mwenye mshahara ni kodi ya huduma za mitaa, ambayo mwajiri hukata katika miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha, Julai hadi Oktoba. Huanzia shilingi 5,000 kwa mwaka kwa anayepata kati ya 100,000 na 200,000 kwa mwezi, na haizidi 100,000 kwa mwaka hata kama mshahara umepita milioni. Wakulima wa kujikimu na wasio na kazi hawalipi; askari wa jeshi, polisi na magereza pia. Ukiona kwenye karatasi ya mshahara inakatwa mwezi wa 12 tena wakati ulishamaliza Oktoba, muulize mhasibu.

Leseni ya biashara hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Hayo ni marekebisho ya 2015, na bado kuna maafisa wanaowatisha wenye maduka kwamba zote zinakufa 31 Desemba. Ya zamani ndivyo ilivyokuwa. Hatua ni hizi: afisa wa biashara, chifu wa parishi au wakala wa mji anakuja kukagua duka na kulipanga daraja kulingana na aina ya biashara na mahali lilipo, unapewa hesabu ya kiasi, inatolewa PRN yenye jina lako, unalipa benki au kwa simu, unachukua leseni na kuitundika ukutani palipo wazi. Kabla ya kulipa, soma daraja uliloandikiwa. Kibanda cha rejareja kikiandikwa duka la jumla utalipa tofauti mwaka mzima, na kurudishiwa fedha ni kazi ngumu kuliko kukataa hesabu mapema. Askari wa baraza akidai noti mkononi usiku wa operesheni, muombe PRN. Ushuru wa kila siku wa sokoni una tiketi. Tiketi isiyo na namba ya mfululizo ni karatasi tu.

Nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe anakaa ndani yake haitozwi kodi ya majengo. Ya kupangisha na ya biashara hutozwa.

Kuna hesabu moja ambayo kila kijiji kingefaa kuiuliza. Kwa wilaya za vijijini, mapato ya ndani yanayokusanywa gombololani hugawanywa hivi: asilimia 35 huenda wilayani, 65 hubaki gombololani. Na katika hizo zilizobaki, asilimia 25 ni za vijiji, 5 za parishi na 5 za kaunti. Kwa kila shilingi 1,000,000, basi, 650,000 hubaki, na 162,500 kati yake ni za vijiji vyote vya gombolola hiyo kugawana. Ni kidogo, lakini zinatosha wino wa mwenyekiti na ukarabati wa kisima. Kwenye mkutano wa kijiji muulizeni katibu wa fedha ziliingia lini mara ya mwisho, na ziko akaunti gani.

Fedha za PDM

PDM, mpango wa serikali wa maendeleo kupitia parishi, ulizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ni mkopo. Wapo waliouza mbuzi wao wa PDM kwa ajili ya harusi wakidhani ni zawadi ya kura, na deni lao lipo pale pale.

Njia ni ndefu kidogo: kaya iandikwe kwenye takwimu za parishi kwa chifu wa parishi, ujiunge na kikundi cha watu wenye shughuli moja, mfano kuku, kahawa au maziwa, kikundi kiwe mwanachama wa SACCO ya PDM ya parishi, kikundi kikae na kupendekeza majina, majina yapitishwe, yabandikwe, kisha fedha ziingie kwenye pochi ya simu au akaunti ya mkopaji mwenyewe. Mtu mmoja kwa kila kaya. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa NIN yako. Ikiwa ni ya mjomba, fedha zitamfuata mjomba. Hakuna ada ya kuingizwa kwenye orodha. Mwenyekiti wa kikundi anayekusanya 50,000 "za faili" kabla ya fedha kutoka anapaswa kuripotiwa kwa CAO au RDC, na majina ya waliolipa yaandikwe kwa pamoja, maana mmoja akienda peke yake hugeuzwa mchochezi.

Kujua kinachoendelea barazani

Ubao wa matangazo wa gombolola ndio gazeti la mkazi, ingawa mara nyingi uko nyuma ya mlango uliofungwa. Tafuta humo fedha zilizopokelewa kila robo mwaka, zabuni, majina ya PDM, na tarehe za vikao. Vikao vya baraza la gombolola na la wilaya viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Mengine hutangazwa redioni na kwenye vile vipaza sauti vya senta asubuhi.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini anayeomba daraja mwezi Juni amechelewa karibu mwaka. Mapendekezo ya vijiji na mikutano ya bajeti huangukia kati ya Septemba na Novemba, na baraza linapitisha bajeti kabla ya Mei kuisha. Pelekeni hoja moja au mbili zilizoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, na mzipeleke mlango unaohusika: njia ndogo za kuunganisha vijiji ni za gombolola, barabara za wilaya ni za wilaya, barabara kuu ni za wizara ya ujenzi. Kisima cha kupampu kikiharibika anza na kamati ya maji na fundi wa pampu wa gombolola. Kamati isiyokusanya mchango wa kila mwezi husubiri wilaya, na wilaya ina visima vingi vya kungojewa.

Mkikataliwa taarifa, Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi la maandishi. Malalamiko ya fedha au rushwa yakishindikana kwa CAO na RDC yapelekwe ofisi ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, ambayo inapokea bure na hata bila jina. Iwe ni ombi au malalamiko, chapisha nakala mbili: moja ibaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Hizo siku 21 zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye muhuri huo.